Kasi inayoandikwa kwenye kompyuta si lazima iwe kasi ya mashine

FUNDI aliyegeuza mashine kuukuu ya kuchonga vyuma ili iongozwe na kompyuta hufurahi siku ya kwanza anapoandika mizunguko 1,000 kwa dakika na kuiona spindeli ikizunguka. Hata hivyo, kompyuta imetoa amri tu. Haijapima chochote.

Spindeli ni ule mhimili unaoshika kisu na kukizungusha. Zamani, kasi yake ilibadilishwa kwa kuhamisha belti kutoka puli moja hadi nyingine. Sasa kazi hiyo hufanywa na inveta, kifaa kinachopokea ishara ya volti 0 hadi 10 na kuongeza au kupunguza mawimbi ya umeme yanayofika kwenye mota.

Umeme wa Kenya una mawimbi 50 kwa sekunde. Kwa mawimbi hayo, sumaku ya mota ya ncha nne huzunguka mara 1,500 kwa dakika, lakini mota yenyewe hubaki nyuma, mara nyingi kwenye 1,400 na ushei. Belti ikiteleza, au ishara isipofika volti 10 kamili, pengo hilo huzidi kupanuka.

Hasara huonekana upesi wakati wa kukata hesi kwa tapu. Hesi ya milimita 6 ya kawaida husonga milimita 1 kwa kila mzunguko. Kompyuta ikiamini kuwa spindeli inazunguka mara 500, itashusha tapu milimita 500 kwa dakika. Ikiwa kasi halisi ni 450, tapu husukumwa kuliko inavyoweza kukata, nayo huvunjikia ndani ya kazi ya mteja. Aliyewahi kujaribu kutoa kipande cha tapu kwenye tundu anajua jinsi kilivyo kigumu.

Dawa ni takomita ya mwanga. Mashine ikiwa imezimwa, bandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye spindeli. Iache mashine izunguke hadi ipate joto, kisha iamuru 500, 1,000 na 2,000, ukiandika kila kipimo.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwani husahihisha kasi moja na kuondoka. Ukipata 450, 900 na 1,800, kosa ni la uwiano, na hurekebishwa kwa kubadilisha kiwango cha juu kwenye inveta au programu. Lakini ukipata 440, 940 na 1,940, upungufu ni ule ule wa mizunguko 60 kila mara, hivyo kinachohitaji kurekebishwa ni mwanzo wa ishara. Kuongeza uwiano hapo kutaharibu kasi za juu.

Usiyaamini macho chini ya taa za mirija. Nyingine humweka mara 100 kwa sekunde, na kisu kinachozunguka kinaweza kuonekana kana kwamba kimesimama.

Wala usitupe puli za zamani. Mota inayozungushwa polepole mno na inveta hupata joto, kwa kuwa feni yake nayo hupunguza mwendo. Kwa visu vikubwa, afadhali kuhamisha belti, mradi upime upya baada ya kila badiliko.

Vipimo hivyo vyote ni vya spindeli isiyokata kitu. Kisu kikiingia kwenye chuma, mota hulemewa na kasi hushuka tena. Kwa kazi za tapu, suluhisho la kutegemewa ni kufunga kihisio kwenye spindeli yenyewe, ili kompyuta ifuate mzunguko halisi.