Siku Moja Katika Mji wa Ravenna

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia habari za Roma, na wengine habari za Venice, mji uliojengwa juu ya maji. Lakini Ravenna hutajwa mara chache, ijapokuwa palikuwa makao ya Kaisari wakati Roma yenyewe ilipotetemeka mbele ya adui zake. Mtu aliye Bologna aweza kwenda huko asubuhi na kurudi jioni kwa gari la moshi. (Twaliita hivyo kwa mazoea tu, maana moshi halina, laendeshwa kwa nguvu ya umeme.) Nasi ndivyo tulivyofanya.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimuliwa. Ni mwendo wa saa moja na zaidi kidogo, na nchi ni tambarare kama meza, yenye mizabibu na mashamba ya mapea na mafyulisi. Jambo moja tu twamwonya msafiri: tikiti ya karatasi ya magari haya madogo sharti itiwe alama katika mashine iliyopo stesheni kabla ya kupanda. Asiyefanya hivyo hutozwa faini, hata kama amelipa nauli yake yote.

Kaisari Honorius alihamia Ravenna mwaka 402, akiacha Milan, kwa sababu mji huu ulizungukwa na vinamasi na jeshi la adui halikuweza kuufikia kwa urahisi. Tena bandari yake, Classe, ilikuwa karibu. Siku hizi vinamasi vimekauka na bahari imerudi nyuma, hata mtu ashukaye garini hafikiri kabisa kwamba merikebu za vita zilitia nanga upande ule.

Mwaka 493 aliingia Theodoric, mfalme wa Wagothi. Aliingia kwa mapatano ya amani na Odoacer, aliyekuwa akitawala, kisha baada ya siku chache akamwua karamuni kwa mkono wake mwenyewe. Walakini baada ya tendo hilo baya alitawala Italia kwa utulivu zaidi ya miaka 30, hata alipokufa mwaka 526. Wagothi walikuwa Wakristo. Katika karne ya nne askofu wao Ulfilas aliwatungia herufi, akawafasiria Maandiko katika lugha yao. Na wale miongoni mwetu waliopata kukaa mchana kutwa wakitafuta neno moja la kufaa watajua kazi hiyo ni ya namna gani. Lakini mafundisho waliyoyapokea yalikuwa ya Arius, aliyesema kwamba Mwana aliumbwa na Baba, nayo yalikuwa yamekataliwa na Mtaguso wa Nicea mwaka 325. Basi katika Ravenna Wagothi walikuwa na makanisa yao, na wenyeji makanisa yao, mtaa kwa mtaa.

Kutoka stesheni tulikwenda kwanza kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, alilolijenga Theodoric karibu na jumba lake. Kuta zake zimejaa picha zisizochorwa kwa rangi, bali zimepangwa kwa vipande vidogo vya kioo na mawe, vingi vyao vya dhahabu, kama mtu atungavyo shanga. Upande mmoja mabikira 22 wamwendea Mama Mariamu na Mtoto, na mbele yao Mamajusi watatu wenye kofia nyekundu. Upande wa pili mashahidi wa imani 26 wamwendea Kristo, nao watoka katika jumba la mfalme lenye nguzo nyeupe.

Twamwomba kila aendaye huko asiridhike na dhahabu, bali asimame chini ya picha ya jumba hilo azitazame nguzo kwa makini. Kati ya nguzo zimetundikwa pazia tupu. Lakini juu ya nguzo zenyewe uko mkono. Na hapo vidole. Na pale tena mkono hata kiwiko, wala hauna mwenyewe. Maana mwaka 540 jeshi la Kaisari Justinian liliutwaa mji, na yapata mwaka 561 askofu Agnellus akapewa makanisa ya Wagothi. Watu waliokuwa wamesimama kati ya nguzo, labda mfalme na wakuu wake, waling'olewa kipande kwa kipande, na mahali pao pakajazwa pazia. Mafundi hawakuivunja mikono iliyopita mbele ya nguzo. Je, ilikuwa haraka, au uvivu, au fundi mmoja aliona huruma? Sisi tulikaa hapo kuliko mahali pengine pote, mpaka mlinzi akaanza kututazama.

Mji una nyumba mbili za kale za ubatizo, moja ya Wagothi, moja ya wenyeji. Tuliziona zote mbili. Katika dari ya kila moja Bwana Yesu amesimama katika maji ya Yordani, Yohana yu kando yake, njiwa yu juu, mto wenyewe umefanywa mfano wa mzee, na Mitume kumi na wawili wazunguka. Mgeni asiyeambiwa hawezi kujua ni ipi ya nani.

Mchana tulikula mkate wa nchi hiyo, piadina, mwembamba kama chapati, uliokunjwa na jibini laini ndani. Ni chakula kizuri cha msafiri, na bei yake si kubwa.

Kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547, ndilo wageni wengi walijialo. Humo Justinian na mkewe Theodora wasimama katika fahari yao yote, ijapokuwa hawakukanyaga Ravenna kamwe. Ni kazi ya ajabu, lakini sisi tulipendezwa zaidi na kijumba kilicho nyuma yake, kiitwacho kaburi la Galla Placidia: nje matofali matupu, ndani mbingu ya buluu iliyojaa nyota, na Mchungaji Mwema akimgusa kondoo wake kidevuni. Kaburi la mshairi Dante, aliyefukuzwa na mji wake wa Florence akafa hapa mwaka 1321, tulilipitia kwa upesi.

Saa zilizobaki tulizitumia kwenda kwa miguu hata kaburi la Theodoric, ng'ambo ya reli. Paa lake ni jiwe moja tu, upana wake yapata meta 10, uzito wake zaidi ya tani 200, lililovushwa bahari ya Adriatic kutoka Istria. Hakuna ajuaye kwa hakika jinsi lilivyopandishwa. Chumbani juu mna hodhi la jiwe la zambarau, nalo ni tupu. Mifupa ya mfalme haimo. Na lugha yake pia imekufa. Injili za Wagothi zilizoandikwa kwa wino wa fedha, ambazo wataalamu wengi hudhani ziliandikwa Ravenna kwa ajili yake, zimebaki karatasi 188 tu, na karibu zote zimo Uppsala, katika nchi ya Sweden.

Jua lilikuwa limeshuka tuliporudi stesheni. Tikiti tulizitia alama, tukapanda.