Linda Faili ya Hesabu za Duka Lako

Una duka la agrovet pale Ewuaso Kedong na hesabu zako ziko kwa kompyuta? Malipo yaliyoingia kwa Till yako utayaona tena kwenye taarifa ya miamala. Lakini deni la mfugaji aliyechukua dawa ya kuogesha ng'ombe liko kwa faili moja tu. Ukibandika nakala ya zamani juu yake, madeni ya wiki nzima yamekwenda.

Kila jioni funga programu, nakili faili kwenye flashi, halafu ipe nakala jina lenye tarehe. Ya jana iache. Kabla hujarudisha nakala yoyote, hifadhi kwanza faili ya sasa. Kompyuta ikiuliza kama ibadilishe faili iliyopo, usikubali haraka.