KILA KITU KWA KIPIMO: Dawa ya Maji, Kahawa na Mvua Zilizobadilika

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyejaalia uhai wa kila kiumbe utokane na maji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baad. 

Siku moja tukiwa kwenye somo la Tohara, mwanafunzi aliinua mkono akauliza: "Ustadhi, maji ya bomba leo yananuka dawa. Udhu wangu umesihi?" Kabla sijajibu, mwenzake akadakia: "Nyumbani tumeacha kutia dawa kwenye maji. Tumeambiwa inaua uzazi." Wa tatu akasema babu yake anakunywa maji ya lambo tangu utotoni, kwa kuwa hayo ni maji ya Mungu, hayana kemikali.

Nilijibu swali la udhu. Yale mengine niliyaacha yapite, kwa sababu kipindi kilikuwa kimekwisha. Wiki mbili baadaye yule wa pili hakuonekana darasani. Tulimkuta wodini, ameharisha mpaka macho yameingia ndani. Alhamdulillah, alipona. Siwezi kudai kwa yakini kwamba ni maji ndiyo yaliyomuumiza, hilo ni la tabibu kulisema. Lakini nilirudi nyumbani nikijilaumu, kwa sababu mtoto aliniletea jambo la uhai nami nikamjibu la udhu peke yake. Makala hii ndiyo jibu nililolichelewesha.

MAJI YETU NA SAFARI YAKE

Mto Pangani unaopita Korogwe unaanzia mbali. Mto Kikuletwa unaleta maji ya upande wa Meru, Mto Ruvu unaleta maji ya upande wa Kilimanjaro, na yote yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo maji yanapita kwenye mashamba, vijiji, mifugo na viwanda vya mkonge mpaka yanatufikia. Miaka ya 1970 ulijengwa mradi mkubwa wa kuyachukua maji ya mto huu pale Tabora (kijiji cha Korogwe, si mkoa wa Tabora) na kuyapeleka Handeni, ambako ardhi ni kavu na watu wengi walitegemea malambo. Mwaka 2022 serikali ilitia saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo kutoka India, na Handeni na Korogwe zimo katika miji hiyo.

Basi maji yaliyosafiri namna hiyo, yakipita kwenye vinyesi vya ng'ombe na vya watu, hayawezi kunywewa kama yalivyo. Kwanza hutiwa shabu, ile ile waliyoitumia bibi zetu kwenye mitungi, ili tope lishikane na kuzama. Kisha huchujwa. Mwisho hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Harufu mnayoisikia bombani ni ya hiyo klorini.

DAWA HIYO NI KIASI GANI?

Hapa ndipo ubishi wetu wa barazani unapokosea. Tunauliza, "Kuna kemikali au hakuna?" wakati swali linalofaa ni, "Ni ipi, na kwa kipimo gani?" Maji yenyewe ni kemikali. Chumvi ni kemikali: kijiko kimoja kinakoleza mchuzi, na bakuli zima likimezwa kwa mkupuo linaweza kuua. Allah (S.W.) ametufundisha katika Surat Al-Qamar, aya ya 49, kwamba ameumba kila kitu kwa kadiri yake.

Klorini inayotakiwa kubaki kwenye maji ya kunywa kwa kawaida ni kati ya miligramu 0.2 na 0.5 katika kila lita. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 5 kwa lita, yaani mara kumi ya kiasi hicho au zaidi. Ni kweli kwamba klorini ikikutana na mabaki ya majani na uchafu hutengeneza vitu vingine ambavyo vikizidi havifai, na wataalamu hawalifichi hilo. Shirika hilo hilo linasema hatari yake ni ndogo sana ukilinganisha na hatari ya kunywa maji yasiyotiwa dawa.

Hatari hiyo tumeiona kwa macho yetu. Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikaenea karibu nchi nzima, na kabla ya kutulia wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000 na mamia walikuwa wamefariki.

UDHU UNASIHI, LAKINI KUNYWA JE?

Tunaosoma Safinatu Najaa tunajua kwamba maji yakifika kullatain (wengi hukadiria lita 200 hivi) hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka ibadilike rangi, ladha au harufu yake. Tunajua pia kwamba kitu tohara kikiyabadilisha maji kidogo tu, nayo yakaendelea kuitwa maji, hakiyaondolei utoharishaji wake. Klorini si najisi, kiasi chake ni kidogo, na hakuna anayeyaita maji ya bomba jina lingine. Kwa hiyo udhu wako umesihi, usitie wasiwasi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo siku ile sikulisema. Hukumu ya tohara na hukumu ya usalama wa kunywa ni mambo mawili tofauti. Lambo ni kubwa kuliko kullatain mara nyingi. Mbuzi akiangusha kinyesi chake humo na maji yasibadilike, unaweza kutawadha. Lakini vijidudu vya kipindupindu havibadilishi rangi, wala ladha, wala harufu. Maji yanaweza kuwa tohara kwa udhu na yakamuua anayeyanywa. Fiqhi inatuambia kama yanafaa kwa ibada. Kama yanafaa kwa tumbo, tunawauliza waliosomea, na sheria yetu ndiyo inayotuamuru tuihifadhi nafsi na tuwaulize wenye ujuzi.

HABARI YA UZAZI

Hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba klorini ya maji ya kunywa, kwa kipimo chake, inaua uzazi. Miji ya Uingereza na Marekani ilianza kutia klorini kwenye maji tangu miaka ya 1905 na 1908, na watu wake wamezaa watoto, wajukuu na vitukuu.

Lakini uvumi una nguvu. Jirani zetu wa kaskazini mwa Msumbiji, Nampula na Cabo Delgado, wanasema Kireno kama lugha ya serikali. Kwa Kireno klorini ni cloro na kipindupindu ni cólera. Kuanzia mwaka 1998, kipindupindu kilipotokea, baadhi ya watu waliona wahudumu wakimimina cloro visimani wakaamini wanamwaga cólera. Wahudumu walipigwa, na mwaka 2009 baadhi yao waliuawa. Walikuja kuokoa, wakauawa kwa maneno mawili yaliyofanana. Ndiyo maana Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuihakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukabaki na majuto.

MAJI YA MUNGU PIA YANA KEMIKALI

Babu anasema maji ya asili ni salama. Tumheshimu babu, lakini tumwoneshe Arusha. Kwenye miteremko ya Mlima Meru kuna chemchemi zinazong'aa kama kioo, na watoto waliokulia hapo wana meno ya kahawia. Wengine mifupa yao imepinda. Sababu ni fluoridi inayotoka kwenye miamba ya volkano, ambayo hakuna mtu aliyeitia. Fluoridi kidogo husaidia meno, ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikiipunguza kwa kuyapitisha maji kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kuna na zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu hukamatia chembe za dhahabu. Dhahabu inachimbwa hapa kwetu Handeni, kwa hiyo jambo hili linatuhusu. Zebaki ikiingia mtoni huingia kwenye samaki, na kutoka kwa samaki huingia kwa mama mjamzito na kichanga chake.

Shikeni hili: klorini na moto huua vijidudu, haviondoi fluoridi wala zebaki. Ukiyachemsha maji yenye fluoridi, maji hupungua kwa mvuke na fluoridi hubaki, kwa hiyo huzidi ukali. Kila ugonjwa una dawa yake.

KAHAWA NAYO

Mwaka 1511 kahawa ilishitakiwa Makka. Masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa ili wakeshe katika dhikri, ikaenea. Msimamizi wa mji, Khair Beg, akakusanya wanazuoni na matabibu, kahawa ikapigwa marufuku. Habari zilipofika Cairo, Sultani aliilegeza amri hiyo. Ubishi uliendelea miaka mingi, na mwisho wanazuoni walio wengi waliona hailevi, basi ni halali.

Halali nayo ina kipimo chake. Kilichomo kwenye kahawa na chai ni kafeini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, na mjamzito asizidishe 200. Kikombe cha kawaida cha kahawa kina miligramu 80 hadi 100, na kopo dogo la kinywaji cha kuongeza nguvu lina kama 80.

Nyinyi mnaokunywa makopo hayo usiku wa mtihani, fanyeni hesabu hii. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini. Ukinywa saa 2 usiku, saa 7 usiku nusu yake bado imo. Utageukageuka kitandani, Alfajiri itakupita, na mtihani utaufanya ukisinzia. Miili yenu ni midogo kuliko ya wakubwa, vinywaji hivyo si vyenu.

MVUA ZILIZOBADILIKA

Barazani wengine husema, "Mvua ni kazi ya Allah, binadamu hawezi kuigusa." Wengine husema yote ni ukataji miti. Mvua ni ya Allah bila shaka. Lakini Surat Ar-Rum, aya ya 41, inatufundisha kwamba uharibifu wa nchi kavu na baharini unadhihiri kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu.

Kabla ya viwanda, hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu, na dunia imezidi joto. Mtu akikwambia sehemu 420 katika milioni ni kidogo mno kufanya lolote, mkumbushe klorini. Ile miligramu 0.5 katika lita ni nusu ya sehemu moja katika milioni, nayo inazuia kipindupindu. Uchache wa kitu haumaanishi udogo wa kazi yake.

Oktoba 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kupita kawaida. Mvua zilishuka Tanga kwa kishindo, watu wakafariki Handeni, na barabara ya Korogwe na Handeni ikakatika. Huko juu, barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2007. Wengi husema ikiisha Mto Pangani utakauka. Hapa pia tuhakikishe: sehemu kubwa ya maji ya mlima hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, si barafu. Maana yake ni kwamba msitu ukikatwa ndipo tutakapolia. Afrika inachangia sehemu ndogo sana ya hewa ukaa ya dunia, na ni haki yetu kuwadai wakubwa. Lakini magunia ya mkaa yanayotoka Handeni kwenda Dar es Salaam, hayo ni mikono yetu wenyewe.

TUFANYE NINI

1. Maji ya lambo, kisima au mto yaacheni yatuame, yachujeni kwa kitambaa safi, kisha yachemsheni mpaka yatokote, au tieni dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au paketi. Tope hula nguvu ya dawa, ndiyo maana tunachuja kwanza. Subirini dakika 30 ndipo mnywe.
2. Msikisie kwa dawa ya kufulia. Dawa bila kipimo ni sumu.
3. Funikeni vyombo, na msijisaidie kwenye maji wala kando yake. Yote haya Mtume (S.A.W.) alishayafundisha.
4. Mkisikia habari ya kutisha, ulizeni: ni kitu gani, kiasi gani, na nani amepima? Asiye na majibu haya matatu asiisambaze.
5. Kila mwanafunzi apande mti mmoja na aulinde mpaka ushike.

Yule mwanafunzi wetu sasa ndiye anayejaza dumu la kunywa la madrasa. Anatia dawa, anahesabu dakika 30, na hakubali mtu aguse kikombe kabla muda haujatimia. Siku moja nilikuwa na kiu nikanyoosha mkono mapema. Akaniambia, "Bado dakika nane, Ustadhi." Nikasubiri.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.