Fundi Katika Inchi ya Kigeni: Kibali cha Kazi na Kibali cha Ukaaji

Vijana wetu wenye diploma hawabaki tena wote nyumbani. Huku Ankoro, pale Luvua inapoingia katika Lualaba, wako mafundi wa umeme, waganga na waalimu wanaotazama upande wa mashariki: Kalemie, kisha ziwa, kisha Kigoma na miji mingine ya Tanzania. Kabla ya kuondoka wanafika kwa padri kuomba barua na shauri. Yafaa basi padri, na yule anayejitayarisha kwa upadri, ajue sheria inadai nini. Kwani shauri baya laweza kumfikisha mtu gerezani.

I. Sababu ya kibali

Mfalme Solomoni alipojenga Hekalu, aliagiza Hiramu wa Tiro, fundi hodari wa shaba. Hiramu hakuja kutangatanga. Aliitwa kwa ajili ya kazi iliyojulikana, na aliyemwita alijulikana. Hiyo ndiyo maana ya kibali hata leo. Sisi wenyewe tuna desturi ya namna hiyo: padri akifika katika jimbo ambamo hajulikani, anaonyesha celebret, barua ya mkubwa wake, na hakuna anayeona ni tusi. Kongo pia inadai hivyo: mgeni anayetaka kuajiriwa kwetu lazima awe na karte ya kazi inayotolewa na Tume ya Taifa ya Kazi za Wageni.

II. Karatasi mbili, si moja

Wengi wanakosea hapa. Katika Tanzania bara, sheria ya 2015 juu ya kazi za wageni inatenga mambo mawili. Kibali cha kazi kinatolewa na Kamishna wa Kazi. Kibali cha ukaaji kinatolewa na Idara ya Uhamiaji. Cha kazi kinatangulia, cha ukaaji kinafuata. Mwenye kimoja tu hajamaliza. Unguja na Pemba wana sheria yao wenyewe juu ya kazi.

Tena, anayeomba kibali cha kazi si fundi mwenyewe, ni mwenye kazi anayetaka kumwajiri. Huyu lazima aonyeshe kwamba alitafuta mwananchi mwenye ujuzi ule asimpate, na aonyeshe pia namna mwananchi atakavyofundishwa ili ashike kazi ile baadaye. Kibali kinadumu miezi 24. Kinaweza kufanywa upya, lakini kwa mwajiriwa wa kawaida muda wote una kikomo chake katika sheria. Na akihamia kwa mwenye kazi mwingine, kibali cha kwanza hakimfai tena.

Wengine wanasema: «Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, basi vibali vimekwisha.» Sivyo. Mapatano ya soko la pamoja, yaliyoanza mwaka 2010, yanataka kurahisisha njia ya wafanyakazi, hayaondoi kibali. Yenyewe yanadai kibali kwa kontra ya zaidi ya siku 90.

III. Neno la dhamiri

Je, mkristu aweza kuingia kwa ruhusa ya kutembea tu, kisha afanye kazi kwa siri? Kanisa limenena kwa pande mbili. Pio XII katika Exsul Familia (1952), na Yohane XXIII katika Pacem in terris (1963), walitetea haki ya mtu kuhamia inchi nyingine kwa sababu za haki, hasa ili alishe jamaa yake. Lakini Kanisa linafundisha vilevile kwamba serikali yaweza kuweka masharti kwa ajili ya mafaa ya wote, na kwamba mgeni apaswa kutii sheria za inchi inayompokea.

Hata hivyo, asiye na kibali hapotezi utu wake. Bwana anayemtumikisha kwa siri, kisha anamnyima mshahara akijua hataweza kushitaki, anatenda dhambi ile ambayo Mtume Yakobo alisema inalia mbinguni. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo: afanyaye kazi kwa siri amejifunga mdomo mwenyewe. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya 1990 yanalinda mshahara wake, na yanakataza mtu yeyote asiye mkubwa wa serikali mwenye mamlaka kumnyang'anya paspoti au kibali. Ingawa si mataifa yote yaliyoyakubali.

IV. Kazi ya mchungaji

Kijana akija kuaga, padri amwulize maneno manne. Nani amekuita, na jina lake liko kwenye kontra? Nani ameomba kibali cha kazi, na karatasi iko wapi? Fedha ulizotoa, ulimpa nani, na risiti iko wapi? Mke na watoto watakaa wapi, na watakula nini mpaka mshahara wa kwanza?

Asiyeweza kujibu, amshauri angoje. Kungoja miezi mitatu kando ya Lualaba ni afadhali kuliko kukaa mwaka mzima ukijificha katika mji wa watu. Naye aliye tayari, ampe cheti cha ubatizo na barua kwa paroko wa kule, asifike kama mtu asiye na kwao.