Majina ya Kazi katika Maktaba za Pamoja za Linux

Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta ambao maandishi ya programu zake yako wazi kwa kila atakaye kuyasoma na kuyarekebisha. Kazi zinazohitajiwa na programu nyingi, mathalani kupima urefu wa maandishi au kuyanakili, zimewekwa katika maktaba za pamoja. Programu hutaja jina la kazi tu. Inapoanzishwa, kiunganishi hulitafuta jina hilo katika maktaba moja baada ya nyingine, na kwa kawaida ile ya kwanza kuwa nalo ndiyo itumikayo. Jina basi si pambo, bali ndicho kifungo kati ya pande mbili.

Majina ya zamani ni mafupi mno. Strlen hupima urefu wa mfuatano wa herufi, strcpy huunakili. Sanifu ya lugha ya C ya mwaka 1989 ilidhamini herufi 6 za mwanzo tu kwa majina yanayovuka mipaka ya faili moja, kwa kuwa viunganishi vingine vya siku zile havikuweza zaidi. Sanifu ya mwaka 1999 iliongeza kiasi hicho hadi 31, lakini majina yalikwisha kuzoeleka. Jina creat, lililorithiwa kutoka Unix, lingali limepungukiwa na e yake ya mwisho.

Tena, C haina njia ya kuyatenga majina ya maktaba moja na ya nyingine. Kwa hiyo watungaji hutanguliza kiambishi: pthread_ kwa kazi za nyuzi za utendaji, gtk_ kwa kazi za madirisha na vitufe. Kiambishi hicho chafanana na kile cha ngeli kwa kuwa hutangaza jamaa ya neno kabla ya shina lake. Lakini hakidai upatanisho wowote katika sentensi. Kazi yake ni kuzuia mgongano tu.

Lililo gumu zaidi ni maana. Memcpy hunakili data kutoka mahali hata mahali, kwa sharti kwamba mahali hapo pawili pasiingiliane. Programu kadhaa zilivunja sharti hilo kwa miaka bila kudhurika. Mnamo mwaka 2010 namna ya kunakili ilipobadilishwa, baadhi yake zikaharibika, hata sauti zikatoka zimekwaruzika. Mwaka 2011 maktaba ya glibc, toleo la 2.14, ikaweka memcpy mbili kwa kompyuta za x86-64: programu za zamani hupata ile ya zamani, na mpya hupata mpya, kila moja kwa alama ya toleo iliyoambatishwa kwenye jina.

Hivyo jina likiisha kutolewa, huwa ahadi. Mtungaji aweza kuandika upya kila kilicho ndani ya kazi, lakini jina na maana waliyoizoea watu si mali yake peke yake tena.