Mpangaji wa Ghorofa ya Nane

Apitaye Kariakoo, Dar es Salaam, haoni tena nyumba nyingi za baraza na ua. Mahali pake yamesimama maghorofa. Sisi hatuyachukii, maana mji lazima ukue. Lakini mfanyakazi aliyepanga humo anaishije?

Umeme ukikatika, lifti husimama na pampu haipandishi maji. Hapo mama wa ghorofa ya nane hupanda ngazi, ndoo kichwani na mtoto mgongoni, ilhali fedha ya lifti amekwisha kuilipa.

Na kodi yenyewe! Mshahara huja mwezi kwa mwezi, lakini wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita, hata mwaka mzima, ilipwe mbele. Mtu hukopa ili aingie ndani, na kabla deni halijaisha hudaiwa tena. Mwaka 1971, Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, wapangaji wake walijua pa kupeleka malalamiko: kwa Msajili wa Majumba. Leo wengi humjua dalali tu, naye akishapokea chake haonekani.

Twataka kodi ilipwe kama mshahara ulipwavyo, na mkataba utaje ni nani atakayeitengeneza lifti, na kwa siku ngapi.