"Sijambo" ya Mgonjwa wa Figo Isitupoteze

Alfajiri moja simama kituoni Magomeni Mapipa uwatazame abiria wanaongojea basi la kuvuka Jangwani. Wengi wanakwenda kazini au sokoni Kariakoo. Lakini huenda miongoni mwao yumo mzee anayekwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, kwa kuwa figo zake zimeshindwa kazi hiyo. Kwa kawaida safari hiyo ni mara 3 kwa wiki, na kila mara hukaa kwenye mashine kwa muda wa saa 4 hivi.

Akifika, muuguzi humwamkia: "Shikamoo mzee, umeamkaje?" Naye hujibu: "Marahaba mwanangu, sijambo, namshukuru Mungu." Hupimwa uzito na shinikizo la damu, kisha kazi huanza. Mzee hakusudii kudanganya. Anatimiza adabu aliyolelewa nayo. Lakini mkewe anajua kwamba usiku kucha hakupata usingizi, ngozi ilimwasha, miguu haikutulia, na chakula hakikupita kooni.

Hapo ndipo penye kasoro. Mizani huonyesha maji yaliyozidi mwilini, na maabara huonyesha uchafu ulio katika damu. Bali hakuna chombo kipimacho mwasho, uchovu wala huzuni. Hayo hujulikana kwa kinywa cha mgonjwa mwenyewe, na asipoulizwa moja moja, aghalabu hunyamaza nayo.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa nchi kadhaa wametunga maswali ambayo mgonjwa huyajibu mwenyewe. Nchini Australia, utafiti uitwao SWIFT uliwapa wagonjwa wanaosafishwa damu kompyuta ndogo za mkononi ili wajibu: Wiki iliyopita uliwashwa? Ulilala? Ulichoka? Kila jibu lina daraja lake, tangu "hapana kabisa" hadi "kupita kiasi", na majibu hupelekwa kwa daktari na wauguzi.

Je, kuuliza kuna faida gani? Tutazame wagonjwa wa saratani mjini New York. Katika utafiti wa wagonjwa 766, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017, waliotoa habari za dalili zao kwa kompyuta waliishi muda wa kati wa miezi 31.2, waliohudumiwa kwa desturi ya kawaida, miezi 26. Dalili zilipozidi, wauguzi walipata taarifa mapema. Saratani si figo, lakini funzo ni lile lile: lisilosemwa halitibiwi.

Nasi hatuanzi patupu. Tangu mwaka 2008 Watanzania wametumiana fedha kwa simu, na mchuuzi wa Kariakoo hupokea malipo kwa njia hiyo. Simu ibebayo fedha haishindwi kubeba habari ya miguu iliyovimba. Na nchi iliyopandikiza figo kwa mara ya kwanza, hospitalini Muhimbili mwaka 2017, haiwezi kulemewa na maswali kumi.

Hata hivyo, tahadhari ni lazima. Asiyeona vizuri au asiyejua kusoma asomewe. Siri ya mgonjwa ilindwe, maana simu nyingine ni ya nyumba nzima. Tena, jibu lisilosomwa na mtu ni dharau kwa aliyejibu. Na anayebanwa na pumzi au kuumwa kifua asingoje maswali. Apelekwe hospitali mara moja.

Wewe uliye na mgonjwa nyumbani waweza kuanza leo. Chukua daftari. Kila jioni muulize amelalaje, amekula nini, anaumwa wapi, kisha uandike maneno yake, si yako. Siku ya hospitali, daftari hilo liwekwe mbele ya daktari. Mzee na aendelee kujibu "sijambo", kwani ndiyo adabu yetu. Lakini daftari liseme yale ambayo adabu imeyaficha.